Bi Mikoba na Taa ya Darajani

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha lenye nondo, pale stesheni, chini ya kibao kilichoandikwa VITU VILIVYOPOTEA. Jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika taratibu, kama mwavuli ulioachwa kwenye kiti cha treni. Watu walimwita Bi Mikoba, naye akaitika, maana lilimfaa: mikoba, masanduku, viatu vya mguu mmoja, meno ya bandia yaliyofungwa ndani ya leso, na siku moja mlango mzima wa kabati, vyote vilipita mikononi mwake vikiwangoja wenyewe.

Kazi hiyo ilikuwa na siri moja, na hakufundishwa na mtu. Aliigundua mwaka wa pili, walipokuja wanawake wawili kudai sanduku moja la kijani. Wa kwanza alitaja kila kilichomo, tangu shuka hadi kitana, bila kupumua. Wa pili alifika akitweta, jasho linamtiririka, na hakukumbuka hata nusu. Mtu mwenye haraka angempa wa kwanza na kuendelea na chai yake. Bi Mikoba akauliza swali ambalo mwenyewe hakujua limetoka wapi.

"Sanduku hili huwa linakusumbua nini?"

"Linisumbue nini?" akasema wa kwanza. "Sanduku zima hilo, halina hata mkwaruzo."

Wa pili akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Hilo? Hilo lina ukorofi wake! Zipu inanasa pale kwenye kona. Mpaka ulipigie goti, na ulitukane kidogo."

Bi Mikoba akaivuta zipu, ikanasa kwenye kona. Akalipigia goti. Ikafunguka. Kumbe yule wa kwanza alikuwa amekaa jirani na sanduku safari nzima, akachungulia kilichomo lilipoachwa wazi, mwenye sanduku akisinzia.

Tangu siku hiyo hakumuuliza tena mtu ana nini ndani ya mzigo wake. Aliuliza ubovu. Mwizi hujua bei ya kitu. Mwenyewe hujua kinapomuumiza. Wahenga walikwisha kulisema hilo, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ila wahenga hawakupewa dirisha la kulifanyia kazi.

Kisha dirisha likafungwa. Siku hizi mzigo ukipotea unajaza fomu kwenye simu, na simu inakujibu kwamba imekusikia, jambo ambalo si kweli, simu haina masikio. Pale alipokaa Bi Mikoba panauzwa makava ya simu za rangi rangi, na aliyepoteza sanduku hana uso wa kuutazama wala mtu wa kumlilia. Siku ya mwisho aliondoka na kitu kimoja tu, muhuri wa mpira wenye mpini wa mbao, uliosomeka IMERUDI KWA MWENYEWE. Hakuuiba. Aliukuta kwenye pipa la taka, akauokota, akauweka siku thelathini kama sheria ya dirisha ilivyotaka, ikiwa mwenyewe angejitokeza. Hakujitokeza mtu.

Akakaa nyumbani mwaka mzima na mumewe, ambaye naye alikuwa mtu wa reli. Mzee huyo alikuwa mwonyesha ishara, akisimama na bendera mbili, nyekundu na kijani, mpaka walipoleta taa zinazojiwasha zenyewe. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bendera. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na Bendera, kwa kuwa magoti yalikwisha kumsaliti, alishinda dirishani akizitambua treni kwa ngurumo zake. Binti yao, karani wa zahanati, ndiye aliyeleta habari.

"Mama, kuna ofisi inatafuta watu wa kurudisha mali iliyoibwa kwa wenyewe."

"Mali gani?"

"Akaunti za gemu."

"Akaunti ya benki naijua. Ya gemu ndiyo nini?"

Binti akamweleza. Mtu anacheza kwenye kompyuta au simu miaka na miaka. Anajenga, anakusanya vitu, anapata marafiki. Vyote hivyo viko nyuma ya mlango mmoja, na ufunguo wa mlango ni neno la siri. Mwizi akilipata neno, anaingia, anabadilisha kitasa, na mwenyewe anabaki nje akigonga.

"Mke wangu," Bendera akasema kutoka dirishani, "kitu kisichoshikika utakirudishaje? Kibandiko chenye jina utakibandika wapi?"

"Ndiyo ninataka kwenda kuona," akasema Bi Mikoba. Na kweli hakuwa na sababu nyingine. Udadisi ulimwasha kama upupu.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Viti kumi na viwili, feni moja inayotikisa kichwa kama mtu asiyekubaliana na lolote, na vijana wenye vidude vya kusikilizia masikioni. Msimamizi wao alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa Bi Mikoba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alimwita mama, na alimwogopa kidogo.

"Hapa, mama, hatupimi mtu, tunapima majibu," akamwambia siku ya kwanza. "Maswali ni kumi na matatu. Barua pepe ya kwanza, tarehe ya kufungua akaunti, risiti, na kadhalika. Jibu sahihi, mashine inaweka alama ya kijani. Kijani kumi, unarudisha akaunti, unafunga faili."

"Na wanaiba ili wafanyie nini?"

"Wengine wanauza vitu vilivyomo. Wengine wanauza akaunti nzima. Wabaya zaidi ni wale wanaobaki ndani na kuwaandikia marafiki wa mwenye nayo, ili nao wawaibie. Jina la mtu ni chambo, mama."

Hilo la chambo lilimkaa Bi Mikoba kichwani. Mwizi wa sanduku alichukua sanduku akaenda zake. Hakuvaa sura ya mwenye sanduku akaenda kula kwa shemeji zake.

Akaanza kazi. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito, kisha vikazoea. Mwezi wa tatu likaja faili la mchezo wa kujenga miji. Mtu aliandika kwamba ameibiwa akaunti, na mtu huyo alikuwa na kila kitu. Maswali yote kumi na matatu aliyajibu moja baada ya jingine, tarehe mpaka saa, risiti zimepangwa kwa mwaka. Alama za kijani zikashuka kwenye skrini kama mvua. Bi Mikoba alimrudishia na kufunga faili kwa dakika tisa.

"Mama leo umevunja rekodi!" Msimamizi akapiga makofi, na vijana wakageuka kumtazama. Bi Mikoba akafurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wageni.

Siku ya sita baada ya hapo simu ikalia mezani kwake. Simu za wateja zilikuwa na sheria: dakika sita, kisha zinajikata zenyewe.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka. Nikusaidie nini?"

"Nimeibiwa mji."

Sauti ilikuwa ya mtu mzima, nzito, na nyuma yake kulisikika chuma kikigongwa. Alijieleza kwamba ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, na huo mji ameujenga miaka minane. Alipata ujumbe kwamba picha ya mji wake imeingia kwenye mashindano, athibitishe neno lake la siri. Akathibitisha. Neno hilo hilo ndilo lililofungua barua pepe yake, na humo ndimo zilimokuwa risiti zote.

"Nimewaandikia mara nne. Mnanijibu kwamba faili limefungwa, mwenyewe amerudishiwa. Mwenyewe yupi, dada? Mwenyewe ni mimi!"

Bi Mikoba akaliita faili. Chini kabisa, penye nafasi ya aliyelifunga, akaliona jina lake mwenyewe, lile la wazazi.

"Maswali umejibu mangapi?"

"Sita. Nani anakumbuka tarehe aliyoanza kucheza? Nilikuwa nimevunjika mguu, nimelala ndani miezi, ndiyo nikaanza. Risiti anazo yeye. Lakini nisikilize, dada. Mji utaniuma nitazoea. Kinachonimaliza ni jina. Anawaandikia watu wangu akijifanya mimi. Majirani zangu mle ndani, watu kumi na saba, wengine sijawahi hata kuwaona kwa macho, wameingia mtegoni kwa sababu waliitwa na mimi. Na mmoja wao ni mpwa wangu, binti wa dada yangu."

"Pole, kaka."

"Dada yangu wa tumbo moja ameniambia, usikanyage kwangu mpaka umrudishie mwanangu vitu vyake. Nikamwambia si mimi, ni mwizi. Akaniuliza, mwizi gani anayejua mwanangu tunamwita nani nyumbani? Na jina lenyewe limejaa kwenye barua zetu! Sasa niambie, mtu na nywele zake nyeupe, ninaitwa mwizi wa mtoto, na..."

Dakika sita zikaisha. Simu ikajikata.

Jioni hiyo, jikoni, alimsimulia mumewe huku akichambua mchele. Bendera alisikiliza akijikanda goti.

"Yule wa kwanza alikuja na orodha?"

"Alikuja na orodha."

"Imenyooka?"

"Kama reli."

"Na wewe ukampa." Bendera akaguna. "Si wewe uliyekuwa ukiniambia kwamba mwenye orodha iliyonyooka ameiandika huku mzigo uko mbele yake?"

"Usinikumbushe maneno yangu."

"Nikukumbushe ya nani? Mimi maneno yangu yote yalikuwa bendera mbili, nyekundu na kijani."

"Hiyo kijani ndiyo iliyoniponza," akasema Bi Mikoba, na mchele ukamtoka mkononi.

Kesho yake, wenzake walipoteremka kwenda kula, yeye alibaki. Wafanyakazi walikuwa na njia ya ukaguzi, inayowaruhusu kuingia ndani ya mchezo wowote bila kuonekana, na Bi Mikoba hakuwahi kuitumia. Miezi mitatu amewarudishia watu vitu, na hata kimoja hakuwahi kukiona! Pale stesheni hangethubutu kukabidhi sanduku bila kulishika. Akaona aibu. Akabonyeza.

Mji ukafunguka mbele yake kama kitambaa kinachokunjuliwa. Barabara, nyumba, soko, mto unaopita kati. Mwanzoni aligonga kuta.

"Mama, bonyeza hiki kurudi nyuma," kijana wa meza ya pili, aliyewahi kurudi, akamwonyesha, huku akitafuna. "Na usiogope, hapo haumii mtu."

Akatembea. Na kadiri alivyotembea, ndivyo mkono wake wa zamani ulivyoamka, ule uliozoea kupapasa kitambaa cha ndani cha mkoba na kujua mwenyewe ni mtu wa namna gani. Kila kona ya mji huu ilikuwa imeungwa mara mbili, kama mtu anayehofia chuma kitaachia. Kila ngazi ilikuwa na mahali pa kushika, hata ngazi ya hatua mbili. Kila mlango ulikuwa na mteremko pembeni ya ngazi, na kila baada ya nyumba tatu kulikuwa na benchi. Hapa pamejengwa na mtu aliyewahi kutembea kwa mikongojo, akasema moyoni. Akakumbuka: mguu uliovunjika.

Lakini ushahidi huo haukutosha. Mtu yeyote angeweza kujenga benchi.

Mwizi alikwisha kuuza mengi. Uwanjani palikuwa na vitako vinne vya sanamu, sanamu zenyewe hakuna. Kwenye nyumba kubwa madirisha yameng'olewa, yamebaki matundu. Aliacha vya bei ya chini tu, mabenchi na taa. Taa hizo zilisimama pembezoni mwa barabara zote, kwa mstari, kama askari.

Isipokuwa moja. Juu ya mto kulikuwa na daraja refu la chuma, zuri, kazi ya mtu anayejivunia mkono wake. Na katikati yake, njiani kabisa, mahali ambapo mkokoteni ungeigonga, ilisimama taa moja peke yake.

Bi Mikoba alisimama pale mpaka chakula cha wenzake kikaisha. Aliizunguka taa kulia, akaizunguka kushoto. Mtu nadhifu namna hii, akawaza, anayepima kila kitu, haweki taa katikati ya njia bila sababu. Ama amechanganyikiwa, au anaficha kitu.

Akaenda mezani kwa Msimamizi.

"Mama, faili limefungwa."

"Nililifunga mimi. Nataka kulifungua."

Msimamizi akashusha sauti. "Ukilifungua, halafu ukakuta ulikuwa sahihi mwanzoni, mashine inahesabu makosa mawili. Makosa mawili, unaonyeshwa mlango, na mimi sitaweza kukutetea. Yule ana risiti zote."

"Mwanangu, risiti inasema kitu kilinunuliwa. Haisemi nani ameishika."

"Sasa unataka kuwauliza nini?"

"Habari za taa."

"Taa haimo kwenye kumi na matatu."

"Ndiyo maana nataka kuiuliza."

Msimamizi akajikuna shingo. Alikuwa na kila sababu ya kukataa. Lakini naye hakuwahi kusikia mtu akihojiwa kuhusu taa, na udadisi huambukiza. "Simu mbili," akasema. "Dakika sita kila moja. Na mimi nasikiliza."

Wakaanza na yule mwenye risiti. Sauti yake ilikuwa laini, inateleza kama sabuni mpya.

"Tunahakiki tu, ndugu," akasema Bi Mikoba. "Mji wako mzuri."

"Asante sana, dada yangu. Nimeugharamia."

"Ni kitu gani mle ndani kinakuudhi?"

"Kiniudhi?" Akacheka. "Hakuna. Kila kitu ni safi, cha thamani. Kwani una mnunuzi?"

Msimamizi akainua nyusi.

"Sina. Ila nimeona taa katikati ya daraja. Ile ni ya nini?"

Kikasikika kitu kikigongwa haraka haraka, vidole juu ya vitufe, mtu anakimbia mjini kuitafuta taa. "Ah, ile! Ile ni pambo. Inapendeza."

"Ikiondolewa je?"

"Iondoeni tu, dada. Taa zile hazina bei."

Bi Mikoba akaaga kwa upole, akapiga ya pili. Chuma kilikuwa kinagongwa, kikanyamaza.

"Fundi, ni mimi tena. Mji wako mzuri."

"Ulikuwa mzuri."

"Kitu gani mle ndani kinakuudhi?"

"Dada, umeingia mle?"

"Nimeingia."

"Mpaka darajani?"

"Mpaka darajani."

"Basi umeiona aibu yangu," akasema fundi, na ghafla sauti yake ikalegea, kama mtu anayevua viatu. "Lile daraja tulilijenga watu wawili. Mimi upande huu wa mto, mpwa wangu upande ule, tukutane katikati. Akaniambia, mjomba tupime. Nikamwambia, mimi fundi, nina kipimo machoni, wewe nifuate. Dada, tulipofika katikati tukapishana! Miezi mitatu ya kazi! Alinicheka mpaka akakaa chini. 'Mjomba, na watu wanakupa mageti?' Tukaunga pembeni kwa vipande, lakini katikati kabisa likabaki tundu, upana wa ndoo. Kila nikiliziba linaonekana kiraka, na mimi kiraka siwezi kukivumilia. Ndiyo nikasimika taa juu yake. Watu wanaizunguka miaka yote, hawajui wanazunguka ujinga wangu."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na huyo mtoto. Tuliapizana. Na sasa wewe, Mungu akusamehe."

Bi Mikoba alipoweka simu, Msimamizi alikwisha kuvuta kiti. Wafanyakazi waliweza kutengeneza nakala ya mji, wakaigusa bila kuudhuru mji wenyewe. Akaitengeneza, akaenda darajani, akaing'oa taa.

Chini yake kulikuwa na tundu, upana wa ndoo. Maji ya mto yalipita huko chini, yakimeta.

"Loo!" akasema Msimamizi. Shati lake lililopigwa pasi likakunjana akiinamia skrini kama mtoto anayechungulia kisima. "Loo, mama! Kumbe!"

"Kunguni wa kitanda," akasema Bi Mikoba.

Mchana ule ule wakamfungia yule wa sauti laini. Kisha wakafuata nyayo zake, maana kila mlango alioupitia aliacha alama, na alama zikawafikisha kwa wale majirani kumi na saba, na kwa wengine ambao hata hawakujua wameibiwa. Ilichukua wiki mbili. Bi Mikoba alimpigia kila mmoja, na kila mmoja alimuuliza kinachomuudhi nyumbani kwake. Alisikia mambo! Mama mmoja alikuwa na chumba alichosahau kukiwekea mlango, mbuzi wake yumo ndani miaka miwili. Bwana mmoja alijenga mnara ukaegemea, akawaambia watu ni mtindo. Kila mtu na kunguni wake. Vilivyouzwa havikurudi vyote. Sanamu za fundi zilikwisha kupita mikono mingi, zikapotelea huko.

Wakubwa wa ofisi walifurahi sana. Wakataka hekima ya Bi Mikoba iingizwe kwenye mashine, na baada ya mwezi swali la kumi na nne likatokea kwenye skrini za wote: *Je, kuna taa katikati ya daraja lako? Ndiyo au Hapana.* Ndivyo walivyo watu wa zama hizi. Ukiwapa mbegu wanaipaka rangi, wanaiweka kabatini. Msimamizi, kwa heshima yake, alilisoma akaona haya, na tangu hapo akamruhusu Bi Mikoba aulize apendavyo.

Lakini fundi alipiga tena, na hakuwa na furaha.

"Mji nimeupata, dada. Jina bado. Dada yangu hataki kusikia. Nimemtumia ule ujumbe wenu kwamba uchunguzi umekamilika, akaniambia, ni ujumbe uliomwibia mwanangu, na leo unaniletea ujumbe? Anataka karatasi. Yenye mkono wa mtu."

Bi Mikoba akamwuliza Msimamizi. Msimamizi akamwambia ofisi haina barua. Ina taarifa za kujituma zenyewe.

Basi aliandika nyumbani, mezani jikoni, kwa kalamu, mwandiko ule ule wa vibandiko vya stesheni. Bendera alisimama nyuma yake akimsahihisha mpaka akaambiwa akae. Barua haikuwa ndefu. Alieleza kwamba mimi ndiye niliyempa mwizi mji wa kaka yako, kwa kuziamini risiti, na kosa hilo ni langu. Kwamba mwizi, alipoulizwa taa ya darajani ni ya nini, alisema ni pambo. Kwamba kaka yako aliulizwa swali hilo hilo, na jibu lake analijua binti yako, muulize. *Aliyewaandikia majirani si yule anayejua kilicho chini ya taa.*

Halafu akautoa muhuri kabatini, kutoka ndani ya soksi. Wino uliobaki kwenye mpira wake ulikuwa umekauka, ukawa kama kigae.

"Tia chai," akasema Bendera.

"Chai?"

"Tulifanya hivyo reli, mwaka ule wino ulipoadimika. Chai ya rangi, matone mawili."

Akatia matone mawili. Akaugandamiza muhuri chini ya jina lake, lile la wazazi, na Bi Mikoba kwenye mabano, kwa uzito wa kiganja chote. IMERUDI KWA MWENYEWE. Ulitoka hafifu, samawati iliyochanganyika na hudhurungi, lakini ulisomeka.

Siku tisa baadaye, asubuhi, simu ikalia.

"Wewe ndiye Bi Mikoba?" Sauti ya mwanamke, ya juu, ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya uwanja.

"Ndimi."

"Mimi dada yake fundi. Barua yako nimeipata. Imenukia chai."

"Samahani."

"Nilimuuliza mwanangu, chini ya taa kuna nini? Akaniangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia. Akaniambia, mama, hilo tundu ni la mjomba na mimi, halijui mtu. Basi." Akapumua kwa nguvu. "Nilimtukana kaka yangu, Bi Mikoba. Nilimtukana vibaya."

"Umeshamwambia hivyo?"

"Nitamwambiaje? Nimempigia nikamwambia geti langu linalia, lina mwezi linalia, aje alitazame."

"Akasemaje?"

"Yuko nje hapo tangu saa mbili. Geti halikuwa na kitu kikubwa, tone la mafuta tu, lakini ameling'oa lote. Sikiliza." Na kwa mbali, Bi Mikoba akasikia chuma kikigongwa, na sauti ya msichana ikisema kwa kicheko, "Mjomba, safari hii tupime!"

Wiki hiyo hiyo fundi mwenyewe alimpigia, ndani ya dakika zake sita, kumshukuru, na kumwomba ushauri. Lile tundu sasa lilikuwa limejulikana. Analijua dada yake, anajua Msimamizi, anajua Bi Mikoba, na ofisi nzima ina swali la taa. Alikuwa amefikiria kuliziba, hata kwa kiraka. Au aliache? Bi Mikoba angefanyaje?

Bi Mikoba hakufikiri sana.

"Lizibe," akasema. "Halafu haribu mahali pengine, na usiniambie hata mimi."